Sheria za Kuazima: Kaskazini ya Mto Ohio, 1787 hadi 1821

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Tarehe 13 Julai 1787, Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya kutawala eneo lote la kaskazini-magharibi ya mto Ohio. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, Washawnee, Wamiami na wengine, na hawakuulizwa. Walowezi wakapewa gavana, Arthur St. Clair, na majaji watatu. Hao wanne hawakuruhusiwa kutunga sheria. Kazi yao ilikuwa kuchukua zilizokwisha kutungwa na majimbo ya zamani.

Walowezi wa kwanza walifika Marietta Aprili 1788, kabla ya gavana, wakaweka kanuni za muda na kuzigongomelea kwenye mti ili kila mtu azione. Hazikudumu. Mwaka 1795 St. Clair na majaji wawili walikaa Cincinnati kuanzia Mei hadi Agosti wakichagua sheria, nyingi kutoka Pennsylvania. William Maxwell akazichapa, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa katika eneo lile.

Sharti la kuazima liliwekwa ili watawala wasijiamulie mambo. Nami nasema halikuwazuia, kwa sababu anayechagua sheria ya kuazima ameshaamua nani ataumia. Tazameni Indiana, iliyokatwa kutoka eneo lile. Ibara ya sita ya sheria ile ya 1787 ilipiga marufuku utumwa, bila kificho. Lakini mwaka 1803 gavana William Henry Harrison na majaji wake waliazima sheria ya watumishi kutoka Virginia, jimbo la watumwa. Wangeweza kuazima kwingine.

Mwaka 1805 bunge la Indiana likaendelea pale pale. Bwana aliruhusiwa kuingia na mtu mweusi aliyezidi miaka 15, na ndani ya siku 30 wakafike kwa karani wa mahakama kuandikiana mkataba wa utumishi. Akikataa kutia alama yake? Bwana alikuwa na siku 60 za kumrudisha kwenye nchi ya utumwa. Hebu fikirini mtu amesimama mbele ya karani, hajui kusoma, na hiyo ndiyo "hiari" yake. Mikataba mingine ilifika miaka 90, na karatasi zote zilikuwa safi kisheria! Mimi jambo hili linanichoma kuliko viboko na mikatale ya sheria za gavana na majaji za 1788, maana kiboko hakijifanyi makubaliano.

Bunge lilifuta sheria ya 1805 mnamo 1810, lakini mikataba ikaendelea. Mary Clark, mwanamke mweusi, alifungwa kwa mkataba wa miaka 20 mwaka 1816, mwaka ule ule katiba ya jimbo la Indiana ilipokataza utumwa. Akaenda mahakamani. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya Indiana ilimwachia huru, na hoja yake ilikuwa hii: mwanamke huyu amekuja hapa kudai uhuru wake, basi haiwezekani kusemwa kwamba anatumikia kwa hiari.