Lenzi Pana, Kichochoro Chembamba

Mhadhara kwa vijana wapiga picha, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullah. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Kabla sijafungua mdomo nimemwona mmoja wenu pale mlangoni akiinua kamera anipige. Nimemtokea nusu. Akarudi nyuma hatua moja, bado nusu. Akarudi ya pili, mgongo ukagonga mlango. (Kicheko.) Usione haya, mwanangu. Umenipunguzia kazi, maana nilichokuja kukisema leo ndicho hicho kilichokugonga mgongoni.

Hebu inueni macho mtazame dari. Boriti zile ni mikoko. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari ya mawe na chokaa haizidi sana mita tatu, na fundi wa zamani alijenga kwa kufuata boriti yake. Ndiyo maana nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu lakini vyembamba: urefu ni wa mwenye nyumba, upana ni wa mkoko.

Sasa chukua kamera yenye sensa kamili, yaani kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga kiwe na ukubwa wa filamu ya zamani, weka lenzi ya milimita 50 (namba ikipungua, lenzi inaona pana zaidi), egemea ukuta huu, na mtu aegemee ukuta ule. Kwenye mita tatu unapata upana wa mita mbili na kidogo tu. Usiondoke hapo, badilisha uweke ya 28: unapata karibu mita 3.9. Hiyo ndiyo tofauti ya bibi arusi peke yake na bibi arusi pamoja na dada zake wote wanaomtengeneza.

Lenzi yangu ni hii. Naizungusha kuanzia upande huu, kila mtu aishike. Aliyekula sambusa pale nje asiguse kioo. Ni Canon RF ya milimita 28, f/2.8 (hicho ni kipimo cha tundu la kuingizia mwanga, namba ikikua tundu linapungua), ilitoka 2023. Uzito gramu 120, unene haufiki sentimita mbili na nusu. Wenye Nikon mna nduguye wa milimita 26 aliyetoka mwaka huo huo, gramu 125. Panasonic walikuwa na ya milimita 14 tangu 2010, gramu 55, uzito wa yai la kuku. Hazina zumu hata moja, huzungushi lenzi kuvuta kitu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unakwenda mwenyewe kwa miguu.

Mtaniuliza, mbona zamani hazikuwa nyembamba hivi? Kwa sababu ya kioo, kile cha ndani ya kamera kinachorusha picha kwenye jicho lako. Kamera za kioo zilihitaji nafasi ndani ya tumbo lake ili kioo kiinuke kila unapobonyeza. Kwenye Canon za kioo za tangu 1987, kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu au sensa ni milimita 44. Kwenye Nikon ni 46.5. Lenzi ya milimita 28 inataka kukaa karibu zaidi ya hapo, haipati nafasi, kwa hiyo wahandisi wakalazimika kuongeza vioo ndani ya lenzi vya kuusukuma mwanga ufike mbali. Lenzi ikavimba. Tangu Panasonic watoe kamera ya kwanza ya mtindo huu mwaka 2008, hizi mnazoziita mirolesi, kioo kimeondoka na lenzi imesogea. Canon siku hizi ni milimita 20, Nikon 16, Sony 18. Kwa lenzi ndefu za kuvuta vitu vya mbali hilo halisaidii kitu, zinabaki mikonga ya tembo. Lenzi pana ndizo zilizofaidi.

Lakini ukitaka lenzi ndogo, ukubali na upungufu wake. Pembe za picha zinaingia kiza, hasa ukifungua tundu lote. Mistari ya ukingoni inapinda kama pipa. Kamera inanyoosha yenyewe kwa programu kabla hujaiona, na wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi sina ugomvi nao. Mteja wa harusi hajawahi kuniuliza kama mstari umenyooshwa na kioo au na kompyuta.

Jambo jingine haraka: sensa yako. Kijana mmoja aliniletea kamera analalamika kwamba amenunua ya 28 na haoni upana wowote. Sensa yake ni ile ndogo ya APS-C. Zidisha mara 1.5, kwa Canon 1.6, na 28 yake inaona kama 42 au 45. Kwa kamera hiyo tafuta 16 au 18. Kwa Micro Four Thirds, zenye sensa ndogo zaidi, kama hizo za Panasonic, zidisha mara mbili, ndiyo maana ile 14 ya Panasonic ni 28 kamili.

Haya. Tuje kwenye jambo lenyewe.

Wengi hununua lenzi pana ili vitu vyote viingie. Anasimama Forodhani, anaingiza bahari, mashua, wauza urojo, Ngome Kongwe, mbingu. Nyumbani anaitazama: kila kitu kimo na hakuna kitu. Lenzi pana hudogosha. Mashua uliyoiona kwa macho yako imejaa tanga, kwenye picha imekuwa kama inzi juu ya shuka. Lenzi hii imetengenezewa mtu anayesogea. Ukisogea, kilicho karibu kinakua kwa haraka na kilicho nyuma kinabaki kidogo, lakini kinabaki kimo.

Nitawapa mfano wa pale Jaws Corner, kwenye kahawa. Mzee wa kahawa ana dele lake juu ya mkaa, mkononi ana vikombe viwili vya udongo anavigonganisha, ka-ka, ka-ka, kila mtu anajua kahawa imefika. Nyuma yake baraza imejaa, wanazungumza mpira na siasa kwa sauti moja. Siku nyingi nilimpiga kutoka ng'ambo ya njia. Picha nzuri, safi, haina kitu. Siku moja nikaenda mpaka kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unanipiga mimi au unapiga kahawa?"

"Kahawa, mzee. Na wewe uwe nyuma yake."

"Basi keti unywe kwanza. Huwezi kupiga kitu hujui utamu wake."

Nikanywa viwili na kashata. Kisha nikachutama, kamera nikaiweka kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye dele. Lenzi hii inashika fokasi, yaani inaona kwa ukali, mpaka sentimita 23 kutoka kwenye sensa, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Dele likajaa robo ya fremu, unaona masizi, unaona pale shaba ilipochubuka kwenye mpini. Mkono wa mzee unaingia kutoka juu na vikombe vyake. Na nyuma, baraza yote, watu saba, mmoja mdomo wazi katikati ya hoja yake. Sikumwomba mtu akae vizuri. Walikuwa wameshanizoea kwa vikombe viwili.

Ukitumia lenzi ndefu unaweza kumpiga mtu asijue. Ya 28 inakuingiza barazani kwake. Huingii baraza ya mtu bila salamu, na huingii ndani bila hodi. Na hapa nawaambia vijana wa kiume khasa: kwa kuwa lenzi hii ni ndogo na haionekani kama kitu, utashawishika kuiba. Unaibeba kiunoni, unabonyeza, akina mama wanapita Darajani na vikapu vyao hawana habari. Mimi picha hizo sizitaki hata zikiwa nzuri. Ukiambiwa hapana, ni hapana.

Kuhusu fokasi vichochoroni. Funga tundu mpaka f/8, weka fokasi kwenye mita tatu na robo, na kwa lenzi ya 28 kila kitu kuanzia kama mita 1.65 mpaka mwisho wa upeo kitakuwa kikali vya kutosha. Lenzi hizi nyembamba nyingi hazina namba za umbali, basi elekeza kamera kwenye mlango ulio hatua nne mbele, ishike, kisha zima fokasi ya kujiendesha. Tangu hapo hufikirii tena. Baiskeli inakata kona Sokomuhogo, wewe ni kubonyeza tu. Kivuli cha vichochoro vyetu ni kizito hata saa sita mchana, usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kushika mwanga, mpaka 800 au 1600.

Sasa niwaambie aibu yangu. (Kicheko.) Harusi moja huko Ng'ambo, miaka kadhaa nyuma, nimeazima lenzi pana zaidi ya hii, naona nimefika. Familia imepanga mstari mmoja ukumbini, watu kumi na wanne. Ukumbi mdogo, nikasogea mpaka wote wakaenea, bibi yake bwana arusi kwenye ncha ya kulia. Wiki ya pili nikapeleka albamu. Bi mkubwa akaitazama, akaitazama tena, akavua miwani.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Umenifanya sufuria."

Na kweli. Kichwa kimetanuka kwenda pembeni, bega moja limekuwa mawili. Lenzi pana, ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka, inalazimika kuvuta vitu vya ukingoni. Ukuta ukivutwa hausemi kitu. Uso unasema. Niliirudia kazi ile bure, na hela ya albamu nikala hasara mimi. Tangu siku hiyo ukingo wa fremu yangu ni wa milango, vitambaa, mikono, miguu ya viti. Watu nawaweka katikati, na wakiwa wengi nawapanga safu mbili au tatu, wazee wakae katikati kwenye viti. Hapo heshima na hesabu ya lenzi zinakubaliana, jambo la nadra.

Milango. Kila mgeni na kila mwenyeji anapiga milango ya nakshi, na milango mingi inatoka imelala kinyumenyume kama inataka kuanguka. Kosa ni moja: umeinua kamera juu. Lenzi pana ikiinamishwa au ikiinuliwa kidogo tu, mistari ya wima inakimbiliana. Washa alama ya usawa ndani ya kamera, isimamishe wima, usiinamishe. Juu ya mlango hapatoshi? Geuza kamera isimame, acha nusu ya chini iwe sakafu na viatu vya watu, sakafu utaikata nyumbani. Una pikseli milioni ishirini na nne, za nini?

Na ukimaliza mlango, ingia ndani, kama umekaribishwa. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilijengwa 1883, sote tumekua tunaiona pale mbele ya bahari tukidhani ipo tu. Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wakafa. Nilipokwenda kutafuta kwenye masanduku yangu, nilikuta picha zake nyingi mno, na karibu zote ni za nje, mnara na saa, saa na mnara. Vyumba, ngazi, rangi ya ukuta iliyobanduka, sikuwa navyo. Sasa kila mtu anayenikaribisha nyumba ya zamani napiga chumba kwa chumba, kona kwa kona, mgongo ukutani.

Pemba nitasema kidogo, ingawa inastahili siku yake. Msimu wa karafuu piga magoti kwenye ukingo wa jamvi, shusha kamera mpaka kiganja kimoja juu ya karafuu. Zilizo mbele utaona kila moja na kichwa chake kama msumari mdogo, zingine bado zina ukijani, zingine zimeshageuka kahawia, na mbali yake mama anayechambua makonyo, na mbali zaidi barabara. Jihadhari tu na kivuli chako mwenyewe. Jua likiwa mgongoni, na lenzi pana hivi, kichwa chako kitalala juu ya jamvi la mtu.

Na boti. Ndani ya boti mna baridi ya kiyoyozi, unashuka bandari ya Mkoani kamera mkononi, lenzi inafanya ukungu papo hapo. Usiifute na ncha ya shati, una chumvi ya bahari kwenye shati, utakwaruza kioo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto, robo saa au nusu saa. Na usiku ilale kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Kuvu hawajali lenzi ni ya bei gani.

Kuna swali? Ndiyo, dada.

(Swali: Sina uwezo wa kununua hiyo. Nina lenzi ya zumu iliyokuja na kamera, 16 mpaka 50.)

Huhitaji kununua. Nenda dukani ununue utepe wa fundi umeme. Weka zumu kwenye 18, funga kwa utepe isizunguke, tembea nayo wiki nzima. Siku ya kwanza utaudhika. Siku ya tatu utaanza kujua kabla ya kuinua kamera nini kitaingia na nini hakitaingia, kama vile mama anavyojua mchele wa watu wanane bila kipimo. Ukiona wiki imekwisha na hutaki kutoa utepe, ndiyo uanze kuweka akiba, na utafute ya mkononi, siyo mpya.

Haya, jua linashuka, vichochoro vya Kiponda sasa hivi vina mwanga mmoja mzuri sana, tutoke. Lakini kwanza nirudishieni lenzi yangu. Ahsante. Na kifuniko cha nyuma? Kifuniko cha nyuma kimebaki kwa nani?