Anzia Mwisho: Kumfunza Kuvaa Mtoto Ambaye Mikono Haimtii

Ndugu wazazi na walimu, kabla sijasema lolote, naomba kila aliyevaa nguo yenye vifungo afungue kimoja. Sasa fumba macho, ukifunge kwa mkono mmoja tu, tena ule usiouzoea.

Nasikia vicheko. Na mzee wangu pale nyuma keshakata tamaa. Haya, fikirieni hivyo hivyo asubuhi, mtu amekusimamia kichwani anakwambia, "Fanya haraka, tunachelewa!"

Ndivyo anavyoamka kila siku mtoto mwenye tatizo la uratibu wa viungo, ambalo wengine hulijua kama dispraksia. Linakadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule. Si kwamba misuli inaumwa, wala si upungufu wa akili. Ubongo unapata shida kupanga mienendo na kuituma mwilini kwa mfuatano. Ndiyo maana jana aliweza na leo hawezi, nasi tukamwita mvivu.

Tazameni fulana. Ikishafika usoni mtoto haoni kitu, mikono inapapasa kutafuta pa kutokea, na wakati huohuo anatakiwa asiyumbe. Mpunguzie kazi moja: aketi. Kiti kiwe kifupi, nyayo zikanyage sakafu, au akae chini aegemee ukuta. Nimeona watoto waliohangaika na suruali kwa miezi wakaivaa siku ileile waliyoacha kuivaa wamesimama kwa mguu mmoja.

Lakini njia ninayoitegemea kuliko zote ni kuanzia mwisho. Chukua soksi. Mvalishe mpaka ipite kisigino, kisha umwachie aipandishe. Akishaizoea hatua hiyo, mwachie ikiwa bado chini ya kisigino. Baadaye, ikiwa vidoleni. Kifungo nacho ni hivyo: wewe kiingize nusu, yeye akivute kitokeze upande wa pili. Tukianzia mwanzo, mtoto huchoka katikati, mzazi akamalizia, na kinachobaki kichwani mwake ni kwamba alishindwa. Tukianzia mwisho, kila mara anayemaliza ni yeye.

Kisha tupunguze kusema. Wataalamu wa Kanada, Helene Polatajko na Angela Mandich, walijenga njia ambayo mtoto mwenyewe huchagua lengo, hupanga, hutenda, halafu hukagua mpango wake umefaa au la. Kwa hiyo badala ya "vuta, si hivyo, geuza", muulize: "Umekwama wapi? Tujaribu vipi?" Mtoto mmoja aliniambia mkono wake ni nyoka na mkono wa shati ni shimo, na nyoka lazima aone mwanga kwanza ndipo aingie. Alikuwa anashika ncha ya mkono wa shati na kuutanua! Mimi nilikuwa nimemweleza jambo hilohilo wiki tatu bila mafanikio.

Asubuhi ya shule si wakati wa somo. Fundisheni jioni au siku ya mapumziko, na muanze na kuvua, maana kuvua ni kwepesi. Vifungo vianzie chini, anapoviona. Cha kolani mfungie tu bila kuona haya. Kata kibandiko chenye picha nusu kwa nusu, ubandike kila nusu ndani ya kiatu chake: viatu vikipangwa sawa, picha inakamilika.

Kuna wanaoniambia viatu visivyo na kamba ni kumdekeza mtoto. Sikubaliani nao. Hata watoto wasio na tatizo hili wengi hufunga kamba wakiwa na miaka 6 hivi, na wakati huu wake ni afadhali autumie kucheza na wenzake.

Shati la mazoezi ni hili hapa, vifungo vyake vikubwa. Mama uliyecheka kuliko wote, karibu mbele. Mimi naingiza nusu, wewe vuta.