Mishahara ya Askari na Kudidimia kwa Makhalifa

ZUHURA: Assalaam alaikum, wasikilizaji, karibuni. Leo Mwalimu Hamadi na mimi tunazungumzia makhalifa wa mwanzo, kuinuka kwao na kudidimia kwao. Mwalimu, wengi wetu tulisoma kwamba ukhalifa wa Bani Abbas ulianguka mwaka 1258, Hulagu, mkuu wa Wamongolia, alipoiteka Baghdad na kumuua khalifa al-Musta'sim. Wewe husemi hivyo.

HAMADI: Waalaikum salaam, Bi. Zuhura. Sina ugomvi na mwaka huo. Ninachosema ni kwamba mamlaka yalikwisha kumponyoka khalifa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Wamongolia kufika, na ingawa wachache wa baadaye, kama al-Nasir, walijirudishia sehemu yake ndani ya Iraq, ile dola iliyotoza kodi kutoka Misri hadi Khurasan, mashariki mwa Uajemi, haikurudi tena. Mimi huifuatilia habari hii kupitia daftari la mishahara ya askari.

ZUHURA: Daftari alilolianzisha Sayyidna Umar.

HAMADI: Hilo hilo. Iraq ilipotwaliwa, wapiganaji walitaka wagawiwe mashamba. Umar akakataa, akawaachia wakulima ardhi yao ili walipe kharaji, yaani kodi ya ardhi, na mapato yakagawanywa kila mwaka kwa walioandikwa katika diwani, ndilo daftari lenyewe. Aliyetangulia kusilimu alipata zaidi, na waliopigana Badri, kwa riwaya iliyo mashuhuri, waliandikiwa dirhamu 5,000. Utaratibu huo uliwaweka askari pamoja katika miji ya kambi, Basra, Kufa na Fustat, badala ya kutawanyika mashambani, lakini pia ulimfunga kila khalifa aliyefuata kwa sharti moja, kwamba fedha zisikatike.

ZUHURA: Sharti ambalo Bani Umayya, ukoo uliotawala kabla ya Bani Abbas, walilimudu kwa muda mrefu, tangu 661.

HAMADI: Walilimudu vizuri sana, hasa Abdul-Malik bin Marwan, ambaye mimi namhesabu kuwa mjenzi halisi wa dola ile. Kabla yake watu walitumia dinari za Kirumi zenye msalaba na dirhamu za Kiajemi zenye sura ya mfalme na madhabahu ya moto, na madaftari ya kodi huko Damascus yaliandikwa kwa Kiyunani. Mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697, alitoa dinari isiyo na picha yoyote, yenye uzito wa gramu 4.25 hivi, ambayo pande zote mbili ina maandishi tu. Madaftari nayo yakahamishiwa Kiarabu.

ZUHURA: Basi kama hazina ilikuwa imara kiasi hicho, waliangushwa na nini?

HAMADI: Waliangushwa zaidi na swali la nani aandikwe. Waajemi na wengineo waliosilimu, walioitwa mawali, mara nyingi waliendelea kutozwa jizya, kodi ya wasio Waislamu, kana kwamba hawajasilimu, na waliokwenda vitani walilipwa pungufu au hawakuandikwa kabisa. Umar bin Abdul-Aziz alijaribu kurekebisha, lakini alitawala kuanzia 717 hadi 720 tu. Manung'uniko hayo, pamoja na uhasama wa makabila ya Kiarabu yenyewe, ndiyo aliyoyakuta Abu Muslim, mpiganiaji wa Bani Abbas, kule Khurasan alipoinua bendera nyeusi mwaka 747. Mwaka 750 Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya huko Damascus, akashindwa kwenye mto Zab, na Bani Abbas wakashika ukhalifa.

ZUHURA: Baghdad ilianza kujengwa mwaka 762, na enzi ya Harun al-Rashid kila mtu anaijua. Tuipite, twende Samarra.

HAMADI: Tuipite, ila tutaje kwamba vita vya wana wa Harun, al-Amin na al-Ma'mun, viliiharibu Baghdad. Ndugu yao al-Mu'tasim, aliyeshika ukhalifa mwaka 833, aliunda jeshi la Waturuki, wengi wao wakiwa watumwa walionunuliwa, kwa hoja kwamba mtu asiye na ukoo mjini atamtii bwana wake peke yake. Farasi wao wakawa wanawakanyaga watu njiani, wenyeji wakalalamika, na mwaka 836 khalifa akahamia Samarra, mji mpya kaskazini. Huko akazungukwa na walinzi wake, mbali na raia. Desemba 861 walinzi hao walimuua al-Mutawakkil, na ndani ya miaka kama tisa makhalifa wanne walipanda wakashuka.

ZUHURA: Mmoja wao ni al-Mu'tazz, mwenye kile kisa cha mama yake.

HAMADI: Mwaka 869 askari walimwambia kwamba dinari 50,000 zingewatosha. Hazina haikuwa nazo; akamwomba mama yake, Qabiha, naye akajibu kuwa hana. Wakamburuta nje, wakamsimamisha juani, wakamlazimisha kujiuzulu, na akafia mikononi mwao. Muda si mrefu ikafukuliwa akiba ya mama huyo, zaidi ya dinari milioni moja, mbali na vito. Kwa hiyo tusiseme kwamba dola ilikuwa fukara. Fedha zilikuwapo, ila zilifukiwa majumbani mwa wakubwa.

ZUHURA: Mwaka huo huo ukazuka uasi wa Wazanji, nao unatugusa sisi wa pwani.

HAMADI: Unatugusa, ingawa tuseme kwa uangalifu. Waandishi wa Kiarabu waliliita eneo la pwani yetu nchi ya Zanj, lakini wanahistoria wanabishana ni wangapi kati ya watumwa wale walitoka huku, na wafuasi wa kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hawakuwa Waafrika peke yao. Kazi yao inajulikana: kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraq walikwangua tabaka la chumvi juu ya udongo na kulirundika kando, ili ardhi ipate kulimika. Waliiteka Basra mwaka 871, wakajenga mji wao wa al-Mukhtara, na al-Muwaffaq, ndugu wa khalifa na mkuu wa jeshi lake, hakuwamaliza mpaka 883. Biashara nayo ilituunganisha na bandari hizo, maana vigae vya mitungi ya Iraq ya zama hizo vimefukuliwa Manda, kule Lamu.

ZUHURA: Na wakati hazina inakauka, Wafatimi, Mashia wa Afrika Kaskazini, wakajitangazia ukhalifa mwaka 909, na Bani Umayya wa Cordoba, Hispania, nao 929.

HAMADI: Naam, wala Baghdad haikuwa na jeshi la kuwazuia. Mwaka 936 khalifa al-Radi, akiwa hana cha kulipa, alimkabidhi gavana Ibn Ra'iq jeshi na kodi zote kwa cheo cha amir al-umara, yaani amiri wa maamiri. Ibn Ra'iq naye, mwaka uliofuata, akaubomoa mfereji wa Nahrawan ili kumzuia Bajkam, aliyekuwa ofisa wake; hakumzuia, na mashamba ya mashariki mwa Baghdad yakakosa maji. Kitendo hicho hunikera kuliko cha Hulagu, maana Ibn Ra'iq ndiye aliyekuwa mlinzi wa kodi. Wabuwayhi, ukoo wa wanajeshi kutoka Uajemi, walipoingia mjini mwaka 945 hawakuona haja ya kuufuta ukhalifa. Khalifa al-Mustakfi alibakiwa na jina lake kwenye khutba na kwenye sarafu, akapangiwa posho ya kila siku na watu walioshika kodi, na mwanzoni mwa 946 wakamuuzulu, wakampofusha, wakamweka mwingine.