Tarehe 31 Juni: Len Deighton kati ya riwaya na historia

Mabibi na mabwana, tuanze na tarehe isiyokuwepo. Bomber, riwaya ya mwandishi Mwingereza Len Deighton iliyotoka 1970, inasimulia shambulio moja la ndege za Uingereza nchini Ujerumani, tarehe 31 Juni 1943. Juni ina siku 30. Mji unaoteketezwa, Altgarten, nao ni wa kubuni. Lakini injini, rada na taratibu za vikosi vimechunguzwa hadi kwenye skrubu. Siku isiyo kwenye kalenda ilimruhusu kuua wahusika wake bila kugongana na kumbukumbu za kikosi chochote.

Kisa kizima ni cha saa 24, kwa hiyo ukisogeza muda wa ndege kuruka, sura nyingi mbele zinaharibika. Deighton aliiandika kwa msaada wa mashine ya IBM iliyohifadhi maneno kwenye utepe wa sumaku. Kwa kazi ya namna hiyo, haikuwa anasa.

Mwaka 1977 akatoa Fighter, historia ya mapambano ya anga ya 1940 kati ya Uingereza na Ujerumani, na hapo uhuru ule ukaisha. Chukueni 15 Septemba 1940. Uingereza ilitangaza kuangusha ndege 185; kumbukumbu za Wajerumani, zilizosomwa baada ya vita, zinaonyesha takriban 60. Si lazima mtu awe alidanganya. Marubani watatu wanaifyatulia ndege ileile ndani ya sekunde chache, kila mmoja anaiona ikishika moto, kila mmoja anaripoti moja. Nyingine inazama mawinguni ikifuka moshi, inahesabiwa imeanguka, kumbe imetua Ufaransa.

Hata kumbukumbu za Wajerumani zina mtego wake. Wao walipima uharibifu kwa asilimia, na ndege iliyofika 60 kwa kawaida ilifutwa kabisa. Je, ile ya asilimia 40, iliyorudi na maiti ndani, iingie safu gani? Mwanahistoria sharti aamue, na amwambie msomaji kanuni aliyotumia.

Mwandishi wa riwaya hasumbuliwi na hilo: rubani wake anaamini ameangusha, basi sura inaendelea. Ndiyo maana mtunzi anapohamia historia, kishawishi kikubwa, kwa maoni yangu, si tarakimu bali ni kumtilia rubani mawazo kichwani. Dawa yake ni kavu: pitia rasimu ukipiga mstari chini ya kila "aliwaza" na "alihisi", kisha pembeni andika barua, shajara au mahojiano yanayothibitisha. Pembeni pakibaki patupu, sentensi inakatwa, hata ikiwa ndiyo tamu kuliko zote kwenye ukurasa.