Utumbo Baada ya Kisu: Chakula, Bakteria na Ugonjwa wa Crohn

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, naishi na ugonjwa wa Crohn na nilishakatwa kipande cha utumbo. Niko na kaka Salim, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Leo tunalishika swali tunaloulizwa kila mara: chakula kina kosa gani?

SALIM: Asante dada Rehema. Kwa aliyejiunga leo, tunazungumzia magonjwa mawili. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja, na huchimba hadi ndani ya ukuta. Ile nyingine, ya vidonda vya utumbo mpana, hukaa kwenye utumbo mpana peke yake, juujuu ya utando. Yote mawili ni kinga ya mwili kuwaka na kukataa kuzimika.

REHEMA: Mimi nilipotolewa kile kipande nilijua nimepona. Kibovu kimekatwa, kizuri kimeshonwa kwa kizuri, basi. Baada ya miezi sita nikaingizwa kamera ya kuangalia utumbo, daktari akanigeuzia skrini. Pale mshononi, upande wa utumbo mwembamba, kulikuwa na vidonda vidogo vyeupe vyenye ukingo mwekundu, kama vile vinavyotoka mdomoni. Na sikuwa nasikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililoniumiza.

SALIM: Pole sana, dada. Ndivyo unavyorudi: kimya kimya, na mara nyingi juu kidogo ya mshono. Sasa sikia walichofanya madaktari wa Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Paul Rutgeerts. Matokeo yalitoka mwaka 1991. Wagonjwa watano wa Crohn walikatwa utumbo kama wewe, wakaunganishwa, lakini juu ya mshono wakatolewa tundu tumboni, choo kikawa kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa nje ya tumbo. Kwa hiyo mshono ulikaa mkavu. Baada ya miezi sita wakaangaliwa.

REHEMA: Wakakuta nini?

SALIM: Hakuna hata mmoja aliyekuwa na vidonda. Wengine 75 walioshonwa kwa njia ya kawaida, 53 ugonjwa ulikuwa umesharudi. Kisha wale watano wakafungwa tundu, njia ikarudi kama zamani. Miezi sita mbele, wote watano walikuwa na vidonda.

REHEMA: Wote?

SALIM: Wote. Na mwaka 1998 Geert D'Haens na wenzake wakaenda hatua moja zaidi. Wagonjwa watatu wenye tundu kama hilo, wakachukuliwa maji yanayotoka kwenye utumbo wao wenyewe, yakaingizwa polepole kwenye sehemu iliyopumzishwa. Ndani ya siku nane, chini ya hadubini, chembe za kinga zilikuwa zimeshajaa kwenye ukuta. Kwangu mimi hakuna ushahidi uliosema wazi kuliko huo. Kuna kitu kwenye kile kinachopita.

REHEMA: Kitu gani sasa? Chakula au bakteria?

SALIM: Majaribio yale hayakutenganisha. Mle kuna mabaki ya chakula, nyongo, vimeng'enya na bakteria, vyote kwa pamoja. Lakini vipande wanavyokata madaktari wa upasuaji vimetufundisha kingine. Mwaka 2008, Harry Sokol na wenzake huko Ufaransa walichunguza vipande vya wagonjwa wa Crohn. Waliokuwa na bakteria mmoja kidogo, *Faecalibacterium prausnitzii*, ndio ambao ugonjwa uliwarudia zaidi ndani ya miezi sita. Huyo ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa mtu mzima mwenye afya. Anakula nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga sisi, na anachotoa ni butireti, aina ya asidi ya mafuta.

REHEMA: Hapo kwenye butireti tukae, maana ndipo mimi nilipoanza kuelewa.

SALIM: Seli za utando wa utumbo mpana haziishi kwa sukari ya damu kama nyingine. Sehemu kubwa ya nishati yao, kama asilimia 70 kwa vipimo vya maabara, inatoka kwenye butireti. Maana yake utando wako unalishwa na bakteria, kwa yale mabaki uliyowaachia. Nimeona kinachotokea wakikosa. Mtu akitolewa tundu, kile kipande cha utumbo mpana kilichobaki chini bila kupitiwa na kitu, baada ya miezi hutokea kikawa chekundu na kuvuja damu, hata kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wowote hapo.

REHEMA: Ngoja, kaka. Umetoka kusema kusimamisha chakula kulizuia vidonda. Sasa unasema kusimamisha chakula kunaleta uvimbe.

SALIM: Yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu ninaumia nikimsikia mtu anamwambia mgonjwa "acha hiki, utapona". Kinachochoma utumbo mwembamba wa mgonjwa wa Crohn ndicho kinacholisha utumbo mpana. Kuna ripoti ya mwaka 1989 ya wagonjwa wachache ambao kipande kile kilisafishwa kwa maji yenye butireti na asidi za jamii yake, uvimbe ukapungua. Utafiti mwingine wa baadaye, wa wiki mbili, haukuona nafuu hiyo. Kwa hiyo si dawa ya kumpa kila mtu, ila imetuonyesha njaa ya utando.

REHEMA: Na bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi, wao wanakula nini?

SALIM: Wanakugeukia wewe. Ukuta wa utumbo mpana umefunikwa na ute wa tabaka mbili, na la ndani kwa kawaida halina bakteria. Kwenye panya waliopewa chakula kisicho na nyuzinyuzi, utafiti wa mwaka 2016, bakteria walianza kula ute wenyewe, tabaka likawa jembamba. Ni panya, si watu.

REHEMA: Basi nikuulize hili. Vile vidonda viliponirudia niliwekwa kwenye lishe ya maji peke yake, yaani vinywaji maalumu vyenye virutubisho vyote, wiki nane. Asubuhi chupa, mchana chupa, usiku chupa. Wiki ya pili nilikuwa nasimama mlangoni mwa jikoni ninuse vitunguu vikikaangwa, halafu narudi chumbani nalia. Nilikuwa naota natafuna. Lakini tumbo lilitulia, vipimo vya damu vikashuka. Na ile lishe haikuwa na nyuzinyuzi hata chembe!

SALIM: Umeligusa fumbo lenyewe. Kwa watoto wenye Crohn lishe hiyo ni tiba ya kwanza sehemu nyingi, wiki sita hadi nane, na wengi wao hupata nafuu bila steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe. Ukipima choo chao, aina za bakteria zinapungua badala ya kuongezeka. Kinyume na tulivyotarajia. Ndiyo maana watafiti wengi sasa wanahisi nguvu ya ile chupa iko kwenye kile inachokiondoa mezani.

REHEMA: Kama vile?

SALIM: Vyakula vilivyosindikwa sana, na vile viungo vya kushikamanisha mafuta na maji, emalsifaya. Mwaka 2015 panya waliopewa emalsifaya mbili za kawaida, bakteria wao walisogea karibu na ukuta. Kisha mwaka 2019 Arie Levine na wenzake wakajaribu na watoto 74. Kundi moja lishe ya maji peke yake kwa wiki sita, halafu robo tu ya lishe hiyo pamoja na chakula cha kawaida. Kundi la pili, tangu mwanzo, nusu lishe ya maji na nusu vyakula halisi vilivyochaguliwa, bila vya kusindikwa. Wiki ya 12, nafuu bila steroidi ilikuwa asilimia 45 kundi la kwanza na 76 la pili. Na kula kile kulivumilika zaidi: asilimia 97 kundi la pili, 74 la kwanza.

REHEMA: Mtoto anayetafuna ni mtoto anayeweza kuendelea. Ningepewa nafasi hiyo ningeishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyenitajia.

SALIM: Wengi hawatajiwi. Na upasuaji pia unafaidika: kuna ripoti ya Uingereza ya mwaka 2017 ya watu wazima 51 waliokuwa wanasubiri kukatwa, wakapewa lishe ya maji kwanza. Robo yao hawakuhitaji kisu tena. Waliokatwa walipata matatizo machache kuliko wasioipata.

REHEMA: Msikilizaji mmoja ana utumbo uliobana kwa makovu, anauliza ale nyuzinyuzi nyingi?

SALIM: Hapana, asianze mwenyewe. Maganda na nyuzi ngumu zinaweza kuziba pale palipobana, nami nimesaidia meza za watu waliofika hivyo usiku wa manane. Azungumze na mtaalamu wake wa lishe kuhusu vilivyopikwa vikalainika na kusagwa.

REHEMA: Na dawa?

SALIM: Anaendelea nazo. Anayeziacha kwa sababu ya chakula, namkuta mezani.

REHEMA: Mimi nina kamera Alhamisi.

SALIM: Nitakusindikiza. Mwambie daktari akugeuzie skrini.