Kabla Hujamwambia Asome Uhasibu

Ndugu mwenyekiti, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokubali kuziweka simu pembeni kwa muda: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Mada niliyopewa ni hii: kijana wa ukoo wako akikujia na kusema anataka kusomea uhasibu, umshauri nini? Mpwa wangu alishanibana na swali hilo, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Sisi wakubwa tuna jibu letu tulilolizoea. Tunamuuliza, "Hesabu unapata ngapi?" Akipata nyingi tunambariki, akipata chache tunamtafutia njia nyingine. Kipimo hicho ni kibovu. Hesabu za mhasibu, kwa sehemu kubwa, ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia, na tangu programu ya lahajedwali ya VisiCalc ilipotoka mwaka 1979, kompyuta ndiyo inayozibeba. Nimefanya kazi na wahasibu hodari ambao shuleni aljebra waliikimbia.

Mimi humpima kijana kwa jambo jingine: kitu kisicholingana kinamkosesha raha?

Mwaka 1494 mtawa Mwitalia aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa pale walivyotunza daftari zao. Utaratibu wenyewe hakuubuni yeye; aliukuta, akauandika vizuri. Kila muamala unaandikwa mara mbili, debiti (upande wa kushoto) kwenye akaunti moja na krediti (upande wa kulia) kwenye nyingine. Ukifunga hesabu unazijumlisha pande hizo mbili kwenye urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, na lazima zilingane. Zaidi ya miaka 500 imepita, na hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Sasa urari umegoma. Debiti imezidi krediti kwa 27. Mtu wa kawaida ataanza kujumlisha upya kutoka juu. Mhasibu anaigawa 27 kwa 9 kwanza. Imegawanyika bila baki? Basi anashuku kuna mtu aliyegeuza tarakimu, akaandika 36 badala ya 63, au 58 badala ya 85, kwa sababu tofauti ya namna hiyo siku zote hugawanyika kwa 9. Jibu limekuja 3, maana yake anatafuta tarakimu mbili zilizopishana kwa 3. Ingekuwa tofauti ni 50, angetafuta pia muamala wa 25 uliowekwa upande usio wake, maana kosa hilo huzaa tofauti mara mbili yake. Nilimwonyesha mpwa wangu hayo kwenye karatasi, akaniambia, "Lakini mjomba, 27 kwenye mamilioni si kitu, waache tu." Nikamwambia hiyo 27 inaweza kuwa mabaki ya makosa mawili ya mamilioni yaliyokaribia kufutana. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta karatasi upande wake. Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza kwa makini.

Ila kuna zaidi, na hili wazazi wengi hawalijui. Urari unaweza kulingana kabisa huku hesabu ni uongo mtupu. Ukiweka gharama kwenye akaunti ya mali, debiti ipo, krediti ipo, kila kitu kimetulia, na faida imevimba kwa kuwa gharama hiyo haikutolewa humo. Ndivyo ilivyokuwa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Ada ambazo WorldCom ilizilipa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao ziliandikwa kama mali. Mwaka 2002 mkaguzi wake wa ndani, Cynthia Cooper, na timu yake walizifukua wakifanya sehemu ya kazi usiku ili wakubwa wasishtuke. Kiasi kilichotangazwa kwanza kilikuwa dola bilioni 3.8, na baadaye kikapanda sana.

Kila mtu anapenda kumtaja Cooper. Mimi kijana humtajia Betty Vinson, mhasibu wa ngazi ya kati katika kampuni hiyo hiyo. Wakubwa walimwagiza aingize tarakimu ambazo hazikuwa sahihi. Alisita, akafikiria kujiuzulu, mwisho akaziingiza. Mwaka 2005 alihukumiwa miezi mitano jela na miezi mitano ya kifungo cha nyumbani. Hakuwa jambazi. Alikuwa mfanyakazi mzuri aliyeshindwa kumwambia bosi hapana. Kwa hiyo swali langu la pili kwa kijana ni hilo: ukiagizwa na mtu anayekulipa mshahara uandike kisicho kweli, utafanyaje? Akijibu haraka haraka, sijaridhika. Akitaka kujua kwanza nani atamlinda, huyo amelielewa swali.

Mtaniuliza kuhusu akili mnemba, maana kila mkutano sasa lazima itajwe. Kusoma ankara, kuziingiza kwenye daftari, kulinganisha na taarifa ya benki, hayo mashine inayamudu na itazidi kuyamudu. Anayetaka uhasibu kwa ajili ya kazi hizo tu, mwambieni ukweli mapema. Lakini ada ile ya laini ni gharama au ni mali? Mteja huyu atalipa deni lake au tulichukulie kuwa limepotea? Hayo yanataka mtu atakayeweka sahihi yake na kusimama nayo.

Njia ni ndefu. Mitihani ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu chenye makao Uingereza, pekee ni 13, ingawa shahada inaweza kukupunguzia michache, na juu yake kuna miaka mitatu ya uzoefu kazini. Wengi huisoma huku wameajiriwa, na mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu, wenzako wanakwenda nyumbani wewe umebaki na stakabadhi zisizo na wenyewe. Utajiri wa haraka haumo humo. Yupo anayesema humo mna usalama wa kudumu. Mimi kijana simwahidi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mpeni daftari la kweli: la kikundi cha kuweka akiba, la duka la jirani, la msiba hata. Alishike miezi mitatu, akusanye risiti, aulize watu wasiopenda kuulizwa, asome matumizi mbele ya kikao. Mpwa wangu amepewa la kamati ya harusi ya binamu yake, na tayari amegombana na mweka hazina. Maswali, karibuni.