Askari Mstaafu Analala Wapi?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliotumikia jeshi, akina mama na vijana wa Moshi, shikamooni na habari za mchana.

Kuna chumba kimoja huku Pasua chenye magunia matatu ya mahindi na kitanda cha kamba kilichobanwa kati ya magunia hayo na ukuta. Anayelala humo alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Nyumba ni ya mpwa wake, na medali yake ameitundika msumarini ndani ya mfuko wa nailoni ili panya wasiifikie. Kila alfajiri hukunja godoro kabla wenye nyumba hawajaja kuchota mahindi. Ukimwuliza kama ana makazi, atakujibu kwamba anayo.

Marekani huwahesabu wasio na makazi usiku mmoja wa mwishoni mwa Januari, wahesabuji wakipita mitaani na katika mabweni ya hifadhi. Mwaka 2010 walikuta wanajeshi wa zamani zaidi ya 74,000. Mwaka 2024 walikuwa chini ya 33,000. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo imeletwa na mpango ambao mstaafu huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake katika pango, serikali ikalipa kilichobaki, na afisa ustawi akawa anamtembelea. Hawamwambii aache pombe kwanza. Hupewa ufunguo, habari ya pombe ikafuata baadaye. Nakiri kwamba nilipolisikia jambo hili liliniudhi, maana nimelelewa kuamini kwamba mlevi hapewi kitu. Lakini atameza vipi dawa kwa wakati mtu asiye hata na rafu ya kuziweka?

Hata hivyo, hesabu ile haimgusi anayejihifadhi kwa ndugu, kwa hiyo tukiiga kama ilivyo, mzee wa Pasua atatuponyoka. Na kwetu Uchagani wa namna yake hawakosekani. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kihamba, yaani shamba la ukoo, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na wa kati hujitafutia. Wa kati aliyejitafutia jeshini alipewa kitanda, chakula na sare. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujadiliana na fundi bei ya tofali. Siku anapokabidhi vifaa, anakabidhi na paa, na kiinua mgongo humfikia siku moja na ada za watoto, madeni na wajomba.

Serikali imekuwa ikiwaita wastaafu wanaolipwa na Hazina kwa uhakiki, wakapanga foleni na vitambulisho ili ithibitike kwamba wangali hai. Naomba fomu hiyo iongezewe swali moja tu: unalala wapi, na nyumba ni ya nani? Jibu likipatikana, fedha ya pango ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kabla wajomba hawajafika. Wako pia mgambo walioitwa vitani kisha wakarudi mashambani. Hao watafutwe kupitia mabalozi wa nyumba kumi, ambao hujua nani kahamia stoo ya nani.

Mwenyekiti wa mtaa wa yule mzee tunaye hapa ukumbini. Nimemwomba aanzie kwenye chumba kile chenye magunia.